Viatu Visivyotiwa Maji

Kijana anayepaka watu rangi za kucha pale Mikumi, karibu na yanapoegeshwa malori, alinishika kidole gumba cha mguu wa kulia, akakigeuza huku na huku, akaniuliza, "Dada, na hiki nacho nikipake?" Nikamwambia apake, ni kidole kama vidole vingine. Akasema sawa, ila rangi itakaa juu juu tu, maana ukucha wenyewe ni mnene halafu una mawimbi. Akataka kujua kama niliangukiwa na kitu. Nikamjibu kwamba nilikuwa nacheza baleti. Akauliza wapi. Nikamwambia hapa hapa Mikumi. Akamaliza kupaka, na nilipoondoka nikamsikia akimwambia mwenzake kuwa yule dada wa gesti ni mwongo lakini ana roho nzuri.

Basi ngoja nieleze, maana nimechoka kuitwa mwongo.

Mama yangu alikuwa anapika chakula cha madereva hapo Mikumi. Siku za shule nilikaa naye. Wikiendi na likizo alinipeleka Kilosa, mtaa wa Mabwerebwere, kwa Bibi mzaa mama, kwa sababu wikiendi ndipo madereva walipojaa na mama hakutaka nikue nikisikiliza mazungumzo yao. Jirani na mgahawa wa mama palikuwa na gesti yenye ukumbi wa mikutano ambao haujawahi kuona mkutano. Mama mmoja wa kizungu akaukodi afundishe watoto kucheza. Mume wake alikuwa anahesabu fisi kule hifadhini. Fisi hawakai mahali pamoja wakasubiri kuhesabiwa, kwa hiyo kazi ile ilichukua miaka, na mimi nikapata muda wa kujifunza.

Mwanzoni tulikuwa wasichana wengi. Wengi waliacha walipogundua kwamba hakuna kukata kiuno. Mwalimu alitupanga mstari mmoja, tumeshika bomba la maji alilolifunga ukutani, tukunje magoti, tunyooshe, tukunje, tunyooshe, mpaka uone huu ni wazimu. Muziki ulitoka kwenye spika ndogo ya simu. Lori likipita likapiga honi, tunapotea, tunaanza upya. Madereva walisimama dirishani wakitafuna miwa ya Ruaha, na mmoja wao aliuliza haya ni mazoezi ya jeshi gani.

Mwishowe tukabaki wawili, mimi na mwenzangu mmoja, mtoto wa wafugaji wa kule mbugani, mrefu na mkimya. Baba yake alikuja mara moja na fimbo yake, akaangalia kipindi kizima amesimama kwa mguu mmoja bila kuyumba, jambo ambalo sisi tulikuwa tunalililia tangu Januari. Akamwuliza mwalimu kama watoto wanapigwa. Mwalimu akasema hapana. Akasema basi waendelee, akaenda zake.

Viatu vya ncha hatukupewa upesi. Mwalimu alisema mfupa wa mguu lazima ukomae kwanza, la sivyo tutajiharibu kabla hata hatujaanza. Tulimsumbua, tukanuna, akakataa. Siku alipovitoa kwenye boksi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mikono. Kiatu chenyewe ukikiona ni kizuri cha kukudanganya. Kwa nje ni hariri ya rangi ya waridi na utepe wa kufunga kifundoni. Ncha yake ni ngumu, ukiigonga mezani inalia ko, ko, ko. Nilidhani ndani kuna mti. Mwalimu akakipasua kimoja kilichokwisha kazi atuonyeshe: hamna mti, hamna chuma, ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyobandikwa kwa gundi yakakauka. Akatuonya tusije tukavilowanisha hata kwa bahati mbaya. Jasho la mguu peke yake linaviua polepole, alisema, na kiatu kikishalegea hakikubebi tena, unaangukia vidole vyako mwenyewe.

Sasa miguu. Watu hudhani anayesimama kwenye ncha anaelea. Haelei. Uzito wote, pamoja na ugali wa mchana, unashukia kwenye vidole vilivyobanwa kama dagaa kwenye fungu. Wiki ya kwanza nilitoka malengelenge. Yakapasuka, yakatoka mengine juu ya yale yale. Mwalimu alitufundisha kufunga kila kidole kwa plasta na kupaka spiriti ili ngozi ikomae. Ile spiriti ikigusa kidonda unawakumbuka watu wote uliowakosea tangu uzaliwe. Pamba za kuweka ndani ya kiatu zilipoisha tulichomoa sufi kwenye mito ya gesti, kidogo kidogo, mpaka mwenye gesti akaanza kulalamika kwamba wageni wanasema mito imekonda. Kucha za vidole gumba zikawa za zambarau, kisha nyeusi. Ule wa kulia uliondoka bila kuaga. Nilivua soksi nikaukuta humo ndani. Vidole vya kati vikaota sugu juu ya vifundo, na mfupa wa chini ya kidole gumba ukaanza kusogea nje taratibu, kama mtu anayetaka kuondoka kwenye kikao asionekane. Tena niseme na mazuri yake: unyayo ulipata nguvu za ajabu. Niliweza kuokota kijiko sakafuni kwa vidole vya mguu na kumpa mama bila kuinama. Mama alinikataza kufanya hivyo mbele ya wateja.

Na niliipenda. Niliipenda kuliko chakula, kuliko shule, na nilipokuwa na hasira, kuliko mama yangu. Ukishapanda juu kuna kitambo kidogo ambapo mguu umenyooka na maumivu bado hayajafika, na vichwa vya madereva dirishani viko chini yako. Kwa kitambo kile ningetoa kucha zote zilizobaki.

Mwalimu mwenyewe alishuka ngazi za gesti asubuhi upande upande, ameshika ukuta. Akivaa ndala unaona vidole vyake kila kimoja kinaangalia kwake, kama ndugu waliogombea urithi. Nilimwuliza kama vinauma. Akasema siku za mvua tu. Akafikiri kidogo, akaongeza, na siku za jua.

Siku moja akatuambia kwamba rafiki yake mwenye shule ya dansi Dar es Salaam angefika Jumatatu kutuangalia. Alikuwa na nafasi ya msichana mmoja. Atakayechaguliwa angekaa kwake, asome shule ya kawaida na kucheza kila siku, na baadaye, mambo yakienda vizuri, apelekwe nje. Nilipomwambia mama alikaa juu ya gunia la mkaa. "Mmoja tu?" akauliza. Nikasema mmoja. Akasema, "Haya, uwe wewe." Kuanzia hapo sikutaka kitu kingine chochote duniani. Usiku niliota nimefunga sanduku, na mchana nilitafuta sanduku la kuazima.

Ijumaa nikaenda Kilosa kama kawaida, viatu nimevitia kwenye mfuko wa kitambaa ili nikavishonee utepe mpya kwa Bibi.

Hapa lazima nimweleze Bibi. Alishuka kutoka milimani akiwa msichana, akafundishwa kufua na kupiga pasi kwenye nyumba ya wamisheni, na tangu hapo akaamini kwamba watu wengine wote wanabahatisha. Kanisani kwetu ndiye aliyefua nguo za altare, miaka nenda miaka rudi. Alizitia wanga wa muhogo aliokamua mwenyewe, akazipiga pasi ya mkaa mpaka zikaweza kusimama peke yake. Kwake kila kitu kilikuwa na sheria: hiki cha maji moto, hiki cha maji baridi, hiki kianikwe kivulini, hiki usikiguse. Jumamosi ilikuwa siku ya viatu vya nyumba nzima, kwa sababu kesho yake ni ibada. Raba zilisuguliwa kwa gunzi la mahindi zikaanikwa juu ya bati. Viatu vya ngozi vilifutwa kwa kitambaa kibichi. Mjomba wangu aliwahi kuchanganya, akasimangwa mpaka akaoa akahama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona unanyata kama umeiba kuku?"

Nikasema nimechoka na safari. Akaniangalia miguuni. "Na soksi za nini na joto hili?"

"Nasikia baridi."

"Baridi ya Kilosa hii? Vua."

Nikavua. Bibi akavuta kigoda, akauweka mguu wangu mapajani pake, akafungua plasta moja moja. Pale ulipokuwa ukucha akapagusa, polepole, kwa kidole chake chenye ufa. Bibi nilimzoea akigomba. Kunishika taratibu vile kukaniogopesha.

"Nani kakufanya hivi?"

"Hakuna mtu, Bibi. Ni mchezo."

"Mchezo gani unaotoa watu kucha?"

Nikamweleza: viatu, ncha, mgeni wa Jumatatu, Dar es Salaam. Nilieleza kwa furaha, mikono hewani. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na huko Dar utavivaa tena?"

"Kila siku, Bibi!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka niwe mtu mzima kabisa. Mwalimu alicheza miaka mingi sana."

"Yule mzungu anayechechemea?" Alikuwa amemwona alipokuja Mikumi kumsalimia mama.

"Huyo huyo."

"Ahaa," akasema Bibi. Akaniandalia maji ya vuguvugu yenye chumvi, akanitumbukiza miguu. Nilipokuwa nimekaa pale alitoa kiatu kimoja kwenye mfuko, akakigonga ncha kwa kifundo cha kidole, ko, ko, akakisogeza puani, akakinusa. Akakirudisha mfukoni na kuvuta kamba ya mfuko.

Jumamosi asubuhi alinituma dukani nikanunue uzi wa waridi. Maduka ya karibu yalikuwa na mweusi na mweupe tu, kwa hiyo nikaenda hadi sokoni. Niliporudi Bibi alikuwa uani kwenye beseni lake, mikono imejaa povu, na juu ya bati kulikuwa na raba za mjomba mdogo, kandambili za watoto wa jirani, na viatu vyangu vya ncha. Vimesuguliwa vizuri. Vinachuruzika maji meupe.

"Nimekufulia na vya kwako," akasema.

Nilipanda juu ya ndoo nikavishusha. Vilikuwa vimelainika kama andazi lililosahaulika kwenye chai. Nilibonyeza ncha, kidole kikaingia. Ndani karatasi ilikuwa imeshakuwa uji.

Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele bibi yangu, uani, mchana kweupe, jambo ambalo Mabwerebwere halifanyiki. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia ni mshamba, nilimwambia aliyemtuma kufua nani, nilimwambia na mengine ambayo siyarudii. Majirani wakatoka. Mama mmoja akakichukua kiatu, akakiminya, akatoa macho. "Jamani, Bibi! Umefua karatasi!" Wakaangua kicheko, halafu wakaniona ninavyolia, wakajaribu kukirudisha, kikakataa.

Bibi alijifuta mikono kwenye kanga. "Uzee, wanangu," akasema. "Uzee huu."

Sikuwahi kumsikia akiutaja uzee wake kabla ya siku ile. Mtu akimpisha kiti alikuwa anauliza kama kiti kina tatizo.

Ni yule jirani aliyesema tujaribu wanga. Bibi, mwenye wanga wake, alionyesha kwa kidole lilipo kopo na kuendelea na raba. Tukavijaza wanga, tukavisokomeza magunzi makavu ndani vishike umbo, tukavipitisha pasi ya mkaa, tukavianika. Jumapili baada ya ibada vilikuwa vikavu na vigumu. Nikavigonga: ko, ko. Si ko ile ya zamani, lakini ko. Nilirukaruka uani kwa furaha, nikamwomba Bibi msamaha kwa matusi. Akasema yamekwisha. Hakuviangalia viatu.

Jumatatu mgeni alikuja. Alikuwa mama mpole, mwenye raba kubwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kutuambia tusiogope. Mwenzangu akaanza, akacheza vizuri, mguu wake mrefu ukipanda kama hauna mwisho. Ikafika zamu yangu. Nikapanda. Vikanibeba! Nikashuka, nikapanda tena, nikazunguka, mgeni akainamisha kichwa mbele kwa namna ambayo mpaka leo naikumbuka. Halafu nikaanza kutoka jasho. Wanga wa muhogo ukipata joto na maji kila mtu anajua unakuwa nini. Nilihisi uji katikati ya vidole. Ncha ya kulia ikajikunja, nikashukia juu ya vifundo vya vidole, nikaenda ubavu ubavu mpaka kwenye bomba. Madereva dirishani wakasema "Aaah!" kwa pamoja, kama kwenye mpira.

Mwalimu alinivua viatu, akavinusa.

"Vimefuliwa," akasema.

"Bibi yangu," nikasema.

Vilivyobaki kwenye boksi vilikuwa vya watoto. Mwenzangu akakaa chini, akafungua utepe wake, akanipa vya kwake bila kuombwa. Kisigino changu hakikuingia. Tulijaribu mpaka ngozi ikachubuka, mgeni akasema basi, mwanangu, basi. Alinipa pole nyingi. Mwenzangu akachaguliwa. Alistahili, na nililisema hilo siku ile ile mbele ya watu, meno nimeyauma. Kabla ya mwaka kuisha hesabu ya fisi ikakamilika, mwalimu akaondoka na mume wake na spika yake, na ukumbi ukarudi kuwa ukumbi.

Kilosa nako habari ilizunguka. Bibi aliyefua karatasi. Watoto walimtania njiani, na yeye aliwapungia mkono. Akina mama wa kanisa wakaja siku moja na soda na biskuti, wakamzungukia kwa maneno matamu, kwamba ametumika sana, kwamba sasa apumzike, wapo vijana. Walikuwa wanaogopa atazitia nguo za altare kwenye kitu kisichotakiwa. Bibi aliwakabidhi nguo zote zimekunjwa, akaomba tu wamrudishie kikapu. Jumapili iliyofuata kitambaa cha altare kilikuwa na mkunjo katikati, mrefu, unaonekana tangu mlangoni. Bibi aliutazama mkunjo ule ibada nzima, hata wakati wa sala, tulipofumba macho, yeye hakufumba. Mimi nilikuwa pembeni yake na hasira zangu, nikaona ni sawa tu, na yeye aonje.

Nikakua. Nikapata kazi kwenye gesti ile ile, sasa nasimamia vyumba na ufuaji wa mashuka, siku nzima niko wima kwenye sakafu ya vigae. Nikazaa binti. Ukucha ukaota tena, huu wenye mawimbi. Mfupa wa kidole gumba ulisimama pale ulipokuwa umefika na haukuendelea na safari.

Mwaka jana basi la Iringa likasimama abiria wale chakula, akashuka mwenzangu. Tulikumbatiana tukapiga kelele mpaka dereva akapiga honi. Anacheza nchi za watu, amekuja kuona wazazi. Alikuwa amevaa sandali za wazi, na mimi macho yangu yalishuka yenyewe. Nundu ya kidole gumba imetoka kama yai la kanga. Vidole vimepandana. Kucha kadhaa hazipo, na alivyokuwa anahama kutoka mguu huu kwenda huu nikamkumbuka mwalimu kwenye ngazi.

"Inauma?" nikamwuliza.

"Kila siku," akasema, akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kweli. "Kila siku ya Mungu." Akataka kuona yangu. Nikamwonyesha ukucha wangu mmoja. Akausifu kwa adabu. Basi likaondoka, nikarudi gesti nikamfokea kila mtu, hadi mgeni mmoja aliyekuwa anaomba sabuni.

Jumamosi moja baada ya hapo nilikuwa Kilosa na binti yangu. Bibi sasa hafui, anakaa kwenye kigoda chake uani na kusimamia. Nilikuwa nasugua raba, nikachukua viatu vya shule vya binti yangu, vile vyeusi vya dukani, nikakiinamisha kimoja kwenye beseni.

"We! Toa!" Bibi akafoka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka. "Hivyo ni vya gundi. Kiatu cha gundi hakitiwi maji. Futa kwa kitambaa!"

Nikakitoa. Hakikuwa kimegusa maji bado. Nikabaki nimekishika.

"Umejuaje ni cha gundi?"

"Kiatu nakijua kwa kukigonga. Nimefua tangu sijaota maziwa, nishindwe kujua gundi?"

Nadhani alijisikia mwenyewe alichosema, maana alianza kurekebisha kanga ambayo haikuwa na kasoro.

"Bibi," nikasema. "Vile vyangu ulivigonga. Ijumaa ile. Na ukavinusa."

"Nilivinusa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Nikavitia maji." Alisema kama mtu anayesema ametia mboga chumvi. "Nikavisugua na gunzi, maana kwa maji peke yake vilikuwa vinakataa."

Nikakalia ndoo. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia tu niache. Akasema ningemsikiliza? Nikasema nisingemsikiliza. Akasema, basi.

"Watu wamekucheka miaka yote hii. Wamekunyang'anya nguo za altare, Bibi."

"Wamezinyang'anya. Na hawajui kupiga pasi mpaka leo."

"Si ungesema!"

"Niseme nini? Kwamba nina akili zangu timamu? Wangeuliza kwa nini basi nilivifua, na wewe ungesikia. Mzee akikosea hawamwulizi sana."

"Hukuwa na haki," nikamwambia. Sauti ilikuwa inapanda, ile ile ya Jumamosi ya zamani. "Ilikuwa miguu yangu. Hukuwa na haki hata kidogo."

"Sikuwa nayo," akasema Bibi.

Nilingoja aongeze neno, ajitetee, anipe sababu ya kuendelea kugomba. Alikuwa anaiangalia miguu yangu kwenye ndala, alivyoiangalia siku ile alipofungua plasta, kidole kimoja hadi kingine.

"Inauma siku hizi?" akaniuliza.

"Haiumi, Bibi."

Ilikuwa kweli. Haiumi, siku ya mvua wala siku ya jua. Nikaanza kulia pale kwenye ndoo, kwa sauti, mpaka binti yangu akatoka ndani mbio kuuliza nani kafa. Bibi akamwambia hajafa mtu, alete kitambaa kibichi. Akaninyang'anya kiatu mkononi, akakiweka mapajani, akaanza kukifuta.